Boti ya rimoti: mota ya kv 2000 au kv 3000?

Zote hazina brashi, kipenyo milimita 36. Kv ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja. Kwa betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3 (volti 11.1), zidisha kv kwa volti: ya kwanza hufikia mizunguko 22,200 kwa dakika bila mzigo, ya pili 33,300. Inavutia, ila majini rafadha ileile ikizungushwa mara 1.5 hudai nguvu zaidi ya mara 3. Hapo ndipo kidhibiti mwendo huungua na betri kuvimba.

Ukiwa na rafadha ya milimita 40, funga kv 2000. Umeshanunua kv 3000? Tumia seli 2: volti 7.4 zinakurudisha kwenye 22,200 ileile. Kimbiza dakika mbili, kisha gusa mota. Isiposhikika kwa joto, punguza rafadha, na kagua bomba la maji ya kupoza, huziba kwa mwani.