Kliniki ya mazoezi ya mapafu: uzoefu wangu

Daktari aliponiandikia mazoezi ya kutembea nilidhani amenikatia tamaa. Mtu anayetweta kwa kufunga kamba za viatu atembezwe wapi? Sasa nimemaliza, na huduma hii naipa nyota nne kati ya tano.

Unaanza na kipimo cha dakika 6. Unakwenda na kurudi kwenye korido iliyonyooka, kwa mwendo wako. Ukichoka unasimama, lakini saa haisimami. Mwishoni mtaalamu anahesabu mita, anasoma oksijeni kwenye kile kibanio cha kidoleni, kisha anakuuliza pumzi imebana kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Hapo ndipo anapokupangia kasi yako.

Nilichopenda ni kwamba hakuna aliyenikataza kuhema. Nilitakiwa nifike 4 hivi, hata 6, nibaki hapo. Ikizidi, napunguza mwendo au naegemea ukuta, mabega nayalegeza, navuta hewa kwa pua hatua mbili, naitoa hatua nne kwa midomo iliyobanwa kama anayetaka kupiga mluzi. Kutoa lazima kuchukue muda zaidi, kwa sababu sisi wenye COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) hewa ya zamani hunasa ndani, mpya ikakosa pa kuingia. Kabla ya hapo pumzi ikibana nilikuwa nashtuka, na kushtuka kwenyewe kunaibana zaidi.

Mapafu hayajapona, asikudanganye mtu. Kilichobadilika ni miguu: misuli iliyozoea kazi haidai hewa nyingi kwa kazi ileile. Ngazi za nyumbani sasa nazipanda bila kukaa katikati.

Nyota moja nimeikata kwa jinsi wanavyokuaga. Programu hizi kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12, na ukiacha kutembea faida inayeyuka. Mimi nilipewa karatasi moja, nikaambiwa niendelee nyumbani. Hata simu ya kuniuliza hali? Halafu viti vya kupumzikia kwenye korido vilikuwa vichache, tukawa tunaviziana.

Ukienda, muulize daktari kama uvute inhela kabla ya mazoezi, na kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, simama useme. Wenye oksijeni ya mtungi msiogope. Kwenye kundi letu walitembea nayo, mtungi kwenye kigari, na mmoja wao alikuwa akituacha nyuma sote.