Huduma ya mazoezi kwa watoto wenye saratani, Upanga

Mwanangu ana miaka 8 na anatibiwa saratani ya damu. Kwa miezi mitano sasa amekuwa akihudhuria mazoezi yanayoendeshwa Upanga na wataalamu wachache wa fiziotherapia wakisaidiana na wazazi wa kujitolea. Huduma ni bure; nauli ni juu ya mzazi.

Tulifika pale kwa sababu ya vinkristini, dawa inayoua seli za saratani lakini ambayo huweza pia kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Mwanangu alianza kuburuta vidole vya mguu wa kulia, hata kandambili ikawa inamvuka kila baada ya hatua chache. Nyumbani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba mgonjwa kazi yake ni kulala, na bibi yake alikuwa akimbeba hadi chooni. Siku ya kwanza mtaalamu alichora mstari wa chaki sakafuni, akampa puto, akamwambia atembee kwa visigino huku akilirusha lisianguke. Alipiga hatua 4 akachoka. Juma lililopita nilihesabu 31.

Kilichoniondoa hofu ni kwamba hakuna mtoto anayeanza kabla hajapimwa joto na majibu yake ya damu kusomwa. Mwenye homa hurudishwa kwa daktari. Ambaye chembe zake za kugandisha damu zimeshuka haruki wala hakimbii, bali hufanya mazoezi mepesi akiwa amekaa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2021 unasisitiza kwamba mazoezi ni ya kila mtoto mwenye saratani, ila yalingane na hali yake.

Lakini ninayemshukuru zaidi ni dada mratibu. Ana daftari lenye jina la kila mtoto, tarehe za dawa na simu ya mzazi. Ndiye aliyempigia mwalimu wa michezo wa mwanangu kumweleza kwamba asimwingize kwenye mpira wa kugongana damu inapokuwa chini, lakini pia asimkalishe pembeni kipindi kizima. Watoto wanaorudi mikoani kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine huwatafutia mtaalamu wa karibu na kwao, na asipompata humwelekeza mzazi kwa simu. Ujerumani kazi ya namna hii inafanywa tangu mwaka 2012 na mtandao uitwao ActiveOncoKids, wenye vituo vya ushauri katika maeneo mbalimbali. Hapa kwetu inafanywa na mtu mmoja mwenye simu moja.

Na hapo ndipo penye kasoro. Mara mbili tumetoka Gongo la Mboto kwa daladala mbili, mtoto kavaa barakoa na kinga yake iko chini, tukakuta mlango umefungwa: mratibu anaumwa, na hakuna mwingine mwenye namba zetu. Iliniuma sana. Naomba wenye huduma wampatie msaidizi na nakala ya daftari lile, kabla hata ya kufikiria chumba kikubwa zaidi, ingawa kilichopo ni kidogo na kina joto.

Anayetaka kumpeleka mwanawe apate kwanza ruhusa ya daktari anayemtibu, abebe majibu ya damu ya karibuni, na amvalishe viatu vya kufunga, si kandambili.