Tairi pana au Phoenix: ipi kwa pwani ya Paje?

Baskeli ya tairi pana ilikuzwa Alaska kwa ajili ya theluji. Kwetu theluji hakuna, ila mchanga tele, na kazi ni ile ile: tairi la inchi 4 hivi, likiwa na upepo kidogo, hutandaa juu badala ya kuzama. Nimeiendesha Paje hadi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakiwa yametoka. Nilipunguza upepo mpaka tairi likabonyea kwa kidole gumba, nikapita kwenye mchanga mkavu chini ya minazi, pale ambapo Phoenix yangu, baskeli ya kawaida ya tairi jembamba, hunilazimisha nishuke niikokote. Raha yake haisemeki! Unausikia mchanga ukisagika taratibu, kina mama wa mwani wako kule mbali, nawe huna haraka.

Kwenye lami, Phoenix inashinda bila ubishi: nyepesi kukanyaga, na mafundi wa mtaani wanaijua.

Zote mbili chumvi inazila, kwa hiyo osha cheni kwa maji matamu siku hiyo hiyo, kisha ipake mafuta. Kwendea kazini, nachukua Phoenix. Lakini asubuhi ya bamvua, maji yakitoka mpaka karibu na mwamba, sitaki nyingine ila ya tairi pana.