Fremu ya baiskeli ya mbio kwa mtu mrefu sana: pima shina la foku kabla ya kutoa pesa

Malalamiko ya wapanda baiskeli warefu yanafanana. Mtu wa sentimita 197 anauziwa baiskeli ya mitumba yenye kibandiko cha XL, anainua kiti mpaka miguu inanyooka vizuri, anaondoka ameridhika. Baada ya wiki mbili shingo imekaza, viganja vinakufa ganzi, kiuno kinawaka moto. Anabadilisha kiti, ananunua glavu nene, anazungushia usukani mkanda wa pili. Maumivu yako palepale, kwa sababu usukani uko chini mno na hauna pa kupandia.

Kwa hiyo hapa uzito wa fremu, rangi na idadi ya gia viwekwe kando. Kwa mtu aliyepita sentimita 193, kimo cha usukani ndicho kila kitu, na kinaamuliwa na vitu viwili: urefu wa kichwa cha fremu, yaani lile bomba fupi la mbele ambamo foku inapita, na urefu wa shina la foku (lile bomba la uma wa mbele linalopanda ndani ya kichwa) lililobaki juu ya kichwa hicho. Cha kwanza wachache hukipima. Cha pili karibu hakuna anayekitazama.

Foku ya kisasa hutoka kiwandani ikiwa na shina refu, mara nyingi la milimita 300 hivi, na fundi hulikata kumfuata mwenye baiskeli. Mwenyewe wa kwanza kule Ulaya, ambaye huenda alikuwa na sentimita 186 na alipenda kuinama kama mwanamashindano, aliagiza likatwe sawasawa na stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na shina. Baiskeli ikifika kwako imeshakatwa, na shina lililokatwa halirefuki. Kuna vipande vya kuongezea vinavyobana kwa nje, vinafaa kwenye shina la alumini au la chuma, na usiviweke kamwe kwenye shina la kaboni. Kuhusu fundi anayejitolea kuchomelea kipande cha bomba juu ya shina: kataa, hata kama ni fundi hodari wa mageti. Shina hubeba uzito wa kifua chako wakati wa breki, na likikatika hakuna onyo, usukani unabaki mikononi na gurudumu linaenda zake.

Tazama hesabu. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu kigumu katikati ya mapaja, kivute juu kama unavyokaa kwenye kiti, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Tuseme umepata sentimita 98. Zidisha kwa 0.883: kiti chako kitakuwa sentimita 86.5 kutoka katikati ya ekseli kuu, ile ya ndani ya fremu inayozungusha mikono ya pedali, ukipima sambamba na bomba la kiti. Kwa pembe ya kawaida ya nyuzi 73, hiyo ni karibu sentimita 83 ukipima wima. Sasa chukua fremu ya XL ambayo ncha ya juu ya kichwa chake iko sentimita 60 wima juu ya ekseli. Ukiwa na pete za kuinulia za sentimita 3 chini ya stemu, na stemu ya milimita 110 inayoelekea juu kidogo, usukani utakuwa chini ya kiti kwa sentimita 14. Ondoa hizo pete kwa sababu shina limekatwa, unafika 17. Kijana anayeshindana kila wikendi anaweza kuvumilia 14 kwa saa mbili. Anayekwenda kazini au anayetoka Nairobi hadi Naivasha na kurudi hatavumilia 17 hata nusu saa.

Ndiyo sababu nafasi ya kwanza ninawapa Waholanzi wa zamani: Koga-Miyata na Gazelle za chuma, za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, saizi ya 62 hadi 64, yaani sentimita za bomba la kiti. Kati ya hizo mbili, Koga-Miyata ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwanamume wa Kiholanzi kwa wastani ana karibu sentimita 183, kwa hiyo fremu kubwa huko ni bidhaa ya kawaida ya dukani, na kichwa chake kimerefushwa kulingana na saizi. Koga ni ya Heerenveen, ilianza 1974, na fremu zake zilitengenezwa Japani na Miyata. Viungo vyake ni safi na bomba zimenyooka. Gazelle ni ya Dieren, na Champion Mondial yake ya bomba za chuma za Reynolds 531 ni fremu ya heshima kabisa.

Lakini sababu kubwa ni stemu. Fremu hizi hutumia stemu ya kuchomeka ndani ya shina, ya kipenyo cha milimita 22.2. Unalegeza bolti ya juu kwa ufunguo, unaigonga kidogo kabari ya ndani iachie, unainua, unakaza. Hakuna aliyekata chochote, na usukani unarudi ulipotakiwa. Ukitaka juu zaidi, Nitto Technomic ni stemu ndefu ya aina hiyo hiyo. Chunga tu ule mstari wa kikomo uliochorwa kwenye stemu: lazima uwe ndani ya shina, hauonekani. Paka grisi kabla ya kuichomeka, la sivyo baada ya mwaka mmoja wa jasho na mvua alumini na chuma vitashikana na hutaitoa tena.

Shida zake nazo zipo. Nyuma, mabega ya fremu za gia 6 au 7, pale gurudumu linapofungwa, yana nafasi ya milimita 126, na habu (vitovu vya gurudumu) za gia 8 hadi 11 zinataka 130. Chuma kinaweza kupanuliwa milimita 2 kila upande na fundi mwenye subira, akihakikisha kwa uzi kwamba pande zote zimetoka sawa. Alumini usijaribu, itapasuka. Shida ya pili ni mtikisiko. Fremu ya 64 yenye bomba nyembamba hujipinda, na kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu usukani unaweza kuanza kuchezacheza wenyewe. Bana bomba la juu kwa goti, punguza mwendo polepole kwa breki ya nyuma, usiukamate usukani kwa nguvu. Ukifika chini kagua kama gololi za kichwa cha fremu zimelegea na kama rimu imenyooka.

Nafasi ya pili ni Specialized Roubaix saizi ya 64. Kichwa ni kirefu na fremu ni nyepesi, ila foku ni ya kaboni na watengenezaji wengi wa foku hizo huweka kikomo cha pete cha milimita 30 hadi 40. Shina likiwa limekatwa fupi, bei ya foku nyingine inameza unafuu wote. Cannondale za CAAD za saizi 63 ziko karibu nayo kwa mtu anayependa kwenda kasi na mwenye mgongo unaokubali. Surly Long Haul Trucker ya 64 ni nzito na ni ya safari kuliko mbio, lakini haina adui kwa kimo. Ukiipata imetumika, ichukue.

Giant Defy au Contend ya XL inamfaa mtu wa hadi sentimita 193, basi. Bomba lake la kiti ni fupi, kwa hiyo nguzo ya kiti hutoka sana: kwa mguu wa sentimita 98 utahitaji nguzo ya milimita 400. Ile ya 350 itakuwa kwenye kikomo chake, na hapo fremu hupasuka chini kidogo ya kibano cha kiti. Tazama sehemu hiyo kwa tochi kwenye kila baiskeli ya mtumba.

Peugeot za kale ziepuke: hesi za Kifaransa, stemu ya milimita 22.0, vipuri ni vya kusaka. Fremu za kaboni za mtandaoni zisizo na jina, na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, iliyofungwa usukani wa mbio, si za mwongozo huu.

Sasa bei. Inaudhi kuona muuzaji anapandisha kiti mpaka kimepita mstari wa kikomo, anapiga picha kwa upande, kisha anaandika "ya watu warefu". XL ya kampuni moja ni 58 ya nyingine, na yeye hana hata futi ya kupimia. Inaudhi zaidi kudaiwa nyongeza kwa fremu ya 64 ati ni adimu. Adimu kweli, lakini wanaoiweza pia ni adimu, na yeye anajua imekaa hapo tangu kontena lifunguliwe. Mwambie hivyo kwa upole, kisha taja bei yako.

Nenda na futi ya chuma na sumaku. Sumaku ikishika, ni chuma. Kichwa kikiwa chini ya sentimita 20, ondoka. Kwenye foku ya kisasa, taka angalau sentimita 3 za pete chini ya stemu. Ukiwa na ndugu Uholanzi, mwombe atazame Marktplaats, tovuti ya huko ya matangazo ya mitumba, na kabla hajalipa amwambie muuzaji apige picha moja tu: kichwa cha fremu kutoka ubavuni, futi ikiwa imewekwa kando yake, namba zikisomeka.