Uzoefu wangu na kijitabu cha Wakusi, mabaharia wa kubuni

Kama kikundi chenu kinacheza michezo ya kuigiza wahusika na mmechoka na ngome za mawe, theluji na mapanga, kinunueni kijitabu cha Wakusi. Nimekitumia nikiwa msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, wa kikundi chetu hapa South B, Nairobi, watu wazima wenye kazi zao tunaokutana Jumamosi jioni, dadu la pande 20 katikati ya meza na sinia la viazi karai pembeni. Kina kasoro, na nitazitaja bila kumung'unya maneno. Lakini jambo kubwa kimelipata: mwandishi ameelewa kwamba mila za watu wa bahari huanzia kwenye yale ambayo bahari inawakataza.

Wakusi ni watu wa kubuni, wenyeji wa visiwa vyenye mikoko na matumbawe. Asiyeona kwamba wamechotwa kwenye pwani yetu hajawahi kukaa na mtu wa Lamu. Kwetu upepo wa kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ule wa kusi ukashika kuanzia Aprili hadi Septemba, na kabla kaskazi haijarudi ukaja wa matlai. Kwa karne nyingi vyombo vilikuja na kaskazi kutoka Uarabuni vikiwa na tende na mazulia, vikarudi na kusi vikiwa na boriti za mikoko na pembe za ndovu. Kijitabu kimeigeuza hali hiyo kuwa sheria ya mchezo. Kila bandari ina upepo wa kuifikia na upepo wa kuondokea. Ukichelewa, umekaa. Hakuna dadu litakalokutoa.

Humo ndimo zinamozaliwa mila zao. Mfanyabiashara wa bandarini hukopesha bidhaa hadi upepo ugeuke, kwa hiyo deni la Wakusi halihesabiwi kwa miezi wala kwa riba, na anayelikimbia huwa amejifungia bandari moja maisha yake yote. Baharia wengi wana nyumba mbili, moja kila upande wa bahari, na sheria za urithi zimeandikwa kwa ajili ya watoto wa nyumba zote mbili. Mchezaji wetu mmoja, mtu wa Nyeri ambaye bahari kwake ilikuwa wikendi ya Diani, alikawia kuondoka kwa sababu ya kubishania bei ya karafuu, kusi ikampita. Ikabidi mhusika wake aishi ugenini nusu mwaka. Akatafuta kibarua cha kupaka vyombo deheni, mafuta ya kuzuia maji yasipenye mbao, akagombana na mwenye nyumba, akajifunza nani husalimiwa kwanza barazani. Nilidhani angechoka, kumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza kunitumia ujumbe kila Ijumaa kuuliza kama tunakutana.

Sehemu iliyonifanya nikipende kijitabu hiki ni ile ya kamba. Vyombo vya Wakusi havina msumari hata mmoja. Mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kama ilivyokuwa mitepe ya Wabajuni, ile iliyosafiri kwa tanga la mkeka na ambayo sasa tunaiona kwa vielelezo tu kama vya Makumbusho ya Lamu. Usumba una kazi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la ufuoni, yakalala humo miezi hadi yaoze. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, yakaoshwa, ndipo nyuzi zikasokotwa kwa viganja. Unguja kazi hii ni ya wanawake mpaka leo. Mwandishi ameichukua hali hiyo akaisukuma hatua moja mbele: kwa Wakusi, kamba ni mali ya mwanamke aliyeisokota, hata ikiwa tayari imeshona chombo cha mtu mwingine. Nahodha anamiliki mbao, mishono ameazimwa. Kila mwaka chombo hupandishwa pwani, mishono iliyolegea ikakatwa na kushonwa upya, na hapo bibi wa kamba ana haki ya kutoa au kunyima.

Kwenye meza hili lina uzito ajabu. Chombo kina alama za mishono, na kila siku ya bahari iliyochafuka hupunguza alama. Zikipungua, maji huingia ngamani, chini kabisa ya chombo, na lazima mtu mmoja akae humo ayatoe. Huyo hawezi kufanya jambo jingine lolote, hata kama juu watu wanapigana. Wachezaji waliozoea kukimbilia vita wameanza kuuliza hali ya kamba kabla ya kuuliza idadi ya maadui.

Nitaeleza kikao kimoja. Nahodha wetu, kijana fundi wa simu wa Luthuli Avenue, safari iliyotangulia alimwacha baharia mgonjwa wa homa kwenye bandari ya mbali ili awahi upepo. Baharia huyo alikuwa mtoto wa bibi wa kamba. Sasa kaskazi imebaki kidogo tu, chombo kiko juu ya magogo na kinahitaji kushonwa. Bibi wa kamba aliigizwa na dada ambaye kazi yake halisi ni uuguzi. Nahodha akaingia na maneno yake aliyoyapanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekunywa kahawa?"

"Nimekunywa, bibi."

"Kunywa tena." Akanyamaza akisokota kamba hewani kwa viganja vyake, taratibu, kisha bila kumtazama: "Na mwenzio, hajambo?"

Kijana alikuwa na alama nzuri za ushawishi kwenye karatasi yake ya mhusika. Hakuzitumia. Alikaa kimya, kisha akaeleza yote, akaahidi fungu lake lote la pato la safari, na akaapa kuelekeza omo, mbele ya chombo, kule alikomwacha mgonjwa kabla ya kwenda popote penye faida. Bibi akampa kamba za upande mmoja wa chombo. Za upande wa pili, akasema, atazipata mtoto akishuka kwa miguu yake. Hatukurusha dadu hata mara moja, na sheria ile ya kamba ndiyo iliyotufikisha hapo. Michezo mingi niliyoisimamia inampa msimulizi mazimwi chungu nzima, lakini haimpi mama mwenye haki ya kukataa.

Kasoro kubwa ya kwanza ni maji. Kijitabu kinataka turushe dadu kujua kama bahari imejaa au imekupwa. Mtu aliyeandika vizuri namna ile kuhusu pepo angewezaje kuandika hivi? Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita yakipanda na saa sita yakishuka, na mwezi ndio unaotawala: mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, na katikati yake huja maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Mvuvi hujua leo atapita mwamba saa ngapi. Nimeifuta kanuni hiyo na kuweka kalenda ya mwezi ukutani. Tangu hapo wachezaji hupanga wizi, harusi na kutoroka kwa kuangalia mwezi, na mipango yao imekuwa na akili zaidi.

Ya pili ni uchawi wa kuita upepo, unaopatikana mapema kabisa kwa yeyote mwenye mizimu. Ukiuruhusu, kila kitu nilichosifu hapo juu kimekufa: deni halina tarehe, nyumba ya pili haina sababu, kahawa ya bibi haina maana. Nimeupiga marufuku mezani kwangu. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, au uwe na gharama nzito kiasi kwamba mtu ataufanya mara moja maishani.

Kuna na jambo la watu wa bara, ambalo mimi kama mkazi wa Nairobi limeniuma. Humu ndani, bara ni mahali pa kununulia pembe na kupata wapagazi, basi. Watu wake hawana majina, hawana hila wala biashara zao. Historia yetu haiko hivyo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ndiyo iliyokuwa ikishuka na pembe za ndovu kuelekea Mombasa, na mtu kama Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa ambaye watu wa pwani walimhitaji. Wamijikenda nao walikaa kati ya pwani na bara wakiulisha mji nafaka na kujadili nani apite. Mchezaji wetu wa Machakos alisoma ukurasa ule, akafunga kijitabu, akasema ataigiza kiongozi wa msafara au hataigiza kabisa. Tukaandika sheria zetu wenyewe za misafara, ambazo majira yake ni mvua na maji ya njiani. Sasa mvutano mkali wa mchezo wetu uko pale msafara uliochelewa kwa sababu ya mito iliyofurika unapokutana na nahodha ambaye upepo wake unakwisha. Mwandishi alikuwa na dhahabu hiyo mlangoni pake akaipita.

Lugha ni Kiswahili kizuri kinachosomeka kwa sauti. Sehemu za chombo kama tezi, omo, foromali na ngama, zote zimechorwa kwenye ukurasa mmoja ulio wazi, na watu wa bara hawakupata shida. Sura ya vyakula ni fupi, ya ibada ni fupi zaidi. Michoro ya nguo imezidi.

Kinauzwa kama faili, unalipa kwa M-Pesa chini ya shilingi elfu moja na kinakuja kwenye simu papo hapo. Kwenye simu ramani haisomeki kabisa, kwa hiyo peleka duka la fotokopi wakuchapie ramani na ukurasa wa pepo kwa karatasi kubwa ya A3, zilizobaki za kawaida zinatosha. Na mkianza, puuzeni kisa cha kwanza kilichomo, kile cha maharamia. Anzeni wakati wa matlai, chombo kikiwa pwani hakijashonwa, nahodha hana fedha, na bibi wa kamba ana mgeni mwingine aliyefika kabla yenu.