Picha za Landsat bila malipo: uzoefu wangu wa kupima mikoko ya Rufiji

Natumia picha za Landsat, setilaiti za Marekani, kufuatilia mikoko ya delta ya Rufiji, na kwa kazi ya kulinganisha zamani na sasa sijaona hazina ya bure inayoifikia. Kabla ya 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa karibu dola 600. Mwaka huo Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS) lilifungua ghala lote, na leo aliyeko Kibiti anapata kile kile anachopata profesa wa Marekani. Hakuna leseni ya kuomba. Hata kuuza ramani uliyoitengeneza ni ruksa. Unaombwa tu kutaja chanzo.

Fungua akaunti EarthExplorer, tovuti ya USGS ya kupakua picha, kisha tafuta kwa namba za njia na safu (path na row, gridi ambayo Landsat huigawia dunia): 166 na 65, picha inayobeba Dar es Salaam pamoja na delta. Chagua Collection 2 Level-2, ambayo athari za hewa zimeshaondolewa. Kichujio cha mawingu usikibane sana, kwa sababu asilimia ile ni ya picha nzima yenye upana wa kilomita 185. Picha yenye mawingu asilimia 40 inaweza kuwa safi kabisa juu ya delta. Itazame kwa macho kwanza. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndicho chenye matumaini, masika usijisumbue. Bando likiwa dogo, acha furushi zima: kwa Landsat 8 na 9, bendi 4 (mwanga mwekundu), bendi 5 (infraredi ya karibu) na faili la QA_PIXEL, linaloonyesha kila pikseli ni wingu, ardhi au maji, zinatosha kwa NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea. Kwenye QA_PIXEL ya Landsat 8 na 9, 21824 ni ardhi isiyo na wingu na 21952 ni maji. Bakiza zote mbili, la sivyo unaweza kupoteza mikoko ya ukingoni iliyosomwa kama maji.

Wengi huharibikiwa kwenye hesabu. Namba zilizomo kwenye faili si uakisi wenyewe, yaani sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi: zidisha kwa 0.0000275, kisha toa 0.2. Chukua pikseli yenye 9000 kwenye bendi 4 na 18000 kwenye bendi 5. Ukikokotoa NDVI kwa namba hizo zilivyo unapata 0.33, kama kichaka kilichonyauka. Ukizigeuza kwanza unapata 0.72, mikoko yenye afya.

Tena, faili huja kwa UTM (mfumo wa viwianishi vya ramani kwa mita) kanda ya 37 Kaskazini hata kusini mwa ikweta, ndiyo maana utaona namba hasi. Kabla ya kukata au kupima, zigeuze ziwe EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 Kusini. Ukibadilisha jina la mfumo tu bila kugeuza faili lenyewe, delta itahama kilomita 10,000.

Halafu kuna maji. Setilaiti hupita yapata saa nne na nusu asubuhi, bahari iwe imejaa au imekupwa. Ukilinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu, utatangaza mikoko imekatwa kumbe imezama. Shika jedwali la maji la Dar es Salaam, linganisha kupwa na kupwa.

Landsat 7 baada ya 31 Mei 2003 ina mistari mitupu inayokula karibu asilimia 22 ya picha. Na pikseli ni mita 30, hivyo ukanda mwembamba wa mikoko kando ya mkondo huchanganyika na maji. Hapo Sentinel-2 ya Ulaya, mita 10 na bure vilevile, ni bora zaidi, ila haina picha za kabla ya 2015.