Goti linauma ukikanyaga baiskeli? Anza kununua hivi

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua spana upandishe kiti. Kaa juu, teremsha pedeli moja hadi chini kabisa, weka kisigino juu yake: mguu unyooke. Kama bado umekunja goti, kiti kiko chini. Endesha hivyo siku chache ndipo uende dukani.

1. Kota pini. Ni pini ya chuma inayobana krenki, yaani mkono unaoshika pedeli, kwenye ekseli ya katikati. Hii ni kwa wenye Phoenix na ndugu zake za chuma. Mimi niliugulia goti la kulia miezi miwili, nikalaumu umri, kumbe ni pini! Dalili yake: pedeli inagonga kila mzunguko, au krenki moja ikitazama mbele, ya pili haijalala nayo kwenye mstari mmoja. Nenda na ile ya zamani mkononi, maana kuna za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho zinafanana. Nunua mbili. Fundi aigongee huku ameweka chuma chini ya krenki. Nati kazi yake ni kushikilia tu, si kuvuta pini iingie.

2. Pedeli. Baiskeli ikianguka, ekseli ya pedeli hupinda na mguu ukawa unayumba kila ukikanyaga. Izungushe kwa mkono uitazame. Ya kushoto hufungwa kinyume; fundi mwanafunzi akilazimisha, hesi za krenki zinaisha na sasa unanunua krenki.

3. Krenki fupi. Kwa watu wafupi. Urefu umechapwa nyuma ya krenki, karibu na tundu la pedeli: milimita 170 ndiyo ya kawaida, 175 utaikuta kwenye nyingi za milimani. Ukitoka 175 kwenda 165, unapandisha kiti milimita 10, na pedeli ikiwa juu nayo imeshuka 10, kwa hiyo goti limepata nafasi ya milimita 20. Si haba. Ila kama huna gia na unabeba madumu ya maji, mlimani utaikumbuka ile ndefu. Angalia pia tundu la upande wa ekseli: krenki ya tundu la mraba haiingii kwenye ekseli ya pini.

4. Krenki ndefu. Muuzaji atakwambia ina nguvu, na kweli ina nguvu. Lakini goti litakunjwa zaidi kila mzunguko, na wewe ulikuja dukani kwa sababu ya goti.